Mawe ya Mlangoni

Jumuiya ya Mtakatifu Ana,
Kigango cha Ziwani,
Ilemela, Mwanza.

15 Januari 1995

Mpendwa shemeji yangu Alexander,

Kabla ya neno lolote nakuuliza hali. Unaamkaje huko Tunduru? Unakula? Unalala mahali pakavu? Kile kidole ulichobanwa na jeki kimepona, au bado kinakuuma asubuhi za baridi?

Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mama anatembea hadi ziwani na kurudi, ingawa magoti yanamsumbua. Leokadia ameng'oka meno mawili ya mbele, anacheka akiziba mdomo kama bibi harusi. Mimi nipo. Nguo nyeusi nimezipunguza, sasa navaa kitambaa cha kichwani tu.

Hii ni barua yangu ya tatu kwako. Ulipopata telegramu ya msiba mwezi wa tatu ulijibu kwamba utakuja ukipata usafiri. Tangu hapo hatujaona mwandiko wako. Hii nitampa dereva wa lori linalokwenda Songea, ameahidi kuwapa watu wa Tunduru mkononi. Nakuomba usiisome kwa haraka. Nina jambo la kukuuliza, lakini lazima nianze mbali kidogo.

Mvua za vuli hazikuja. Mahindi yamenyauka yakiwa na urefu wa goti, na maji ya ziwa yamerudi nyuma hadi lile jiwe mlilokuwa mkifulia nguo limebaki mchangani peke yake. Hata umande hatuuoni.

Krismasi tumeisherehekea hivyo hivyo. Jumuiya ilichinja mbuzi mmoja, na kina mama tulipika mapanki, ile mifupa ya samaki inayotupwa na viwanda, masufuria matatu. Mama Shimba hajabadilika. Alisimama pale jikoni, mwiko mkononi, akasema, "Minofu imepanda ndege kwenda Ulaya, mifupa imebaki kumzalia Yesu. Haya, shangilieni!" Tulicheka mpaka moshi ukatuingia kooni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Machi, na nilijiona kama nimeiba kitu.

Sasa nije kwenye habari za mawe. Leokadia amekaa hapa mezani, ananiamuru nieleze desturi yote tangu mwanzo, kwa kuwa anasema labda baba mdogo amesahau. Basi namtii.

Kila mtu wa jumuiya yetu, hata mtoto wa mgongoni, ana jiwe lake la ziwani lenye jina lake. Mwaka mzima linakaa nje kando ya mlango, haliingii ndani. Krismasi ikikaribia yanakusanywa yote kujenga pango la Mtoto Yesu chini ya ule mwamba mkubwa. Siku ya pili ya Krismasi, kabla ya chakula, katekista anavunja pango, analisoma jiwe moja moja. Aliyepo anasema "Nipo" na kulichukua. Aliye mbali, ndugu yake anasema "Yuko njiani" na kumchukulia. Aliyefariki mwaka huo hasemewi neno. Watu wake wanasimama kimya, wanalipokea, wanakwenda kuliweka kaburini.

Utakumbuka kwamba majina karibu yote aliyaandika kaka yako Nestory. Ni mwaka ule aliopunguzwa kwenye kiwanda cha pamba, alipopata kibarua cha kupaka milango ya duka la mzee Shantilal mjini, naye akampa rangi nyeupe iliyobaki. Alikaa uani siku mbili na brashi ya manyoya ya mbuzi. Jina lako aliliandika mara mbili kwa sababu herufi hazikuenea, akakucheka eti mama alikupa jina la mtu mwenye jiwe kubwa.

Shemeji, yeye hana kaburi. Unajua. Mtumbwi ulitoka Busisi na samaki, upepo ukavuma, wenzake wawili wakapatikana na yeye hakupatikana. Matanga tuliyakalia bila mwili. Kwa hiyo jiwe lake lilibaki mlangoni, karibu na lako, na mimi sikujua nilipeleke wapi.

Jumapili ya kwanza ya Majilio niliamka kufagia nikakuta jiwe lake limelowa. La kwako kavu, la Mama kavu, langu na la Leokadia makavu. Lake lilikuwa linachuruzika, kama limetolewa majini muda ule ule. Nilidhani ni mbwa. Nikalifuta kwa kanga. Siku ya pili yake, hivyo hivyo. Siku ya tatu nilimwaga majivu ya jikoni pale mlangoni pote kabla ya kulala, nione nyayo. Asubuhi majivu yalikuwa laini kama nilivyoyaacha, na jiwe limelowa, na lina harufu ya ziwa. Harufu ile aliyokuwa akirudi nayo.

Sikumwambia mtu. Lakini asubuhi moja nilimkuta Mama ameinama pale kabla yangu, ameweka kiganja juu ya jiwe. Hakugeuka. Akasema tu, "Anafika amechoka." Akaondoka kwenda kuwasha moto.

Yalipochukuliwa kujenga pango nilishukuru Mungu, nikijua huko yatakuwa ya watu wote. Nkwabi, katekista wetu, ndiye aliyekuja na toroli. Alilishika lile, akalitazama, akajifuta mkono kwenye suruali bila kuuliza.

Siku ya pili ya Krismasi tulikusanyika kama saa sita, jua kali, hakuna hata jani linalotikisika. Kwaya iliimba vizuri, ingawa upande wa besi una pengo. Nkwabi akaanza kuvunja pango. Alipofika katikati akasimama. Majani ya mpunga tuliyoyatandika chini ya mawe yalikuwa makavu kote, isipokuwa mahali pamoja. Pale punje zilizobaki kwenye majani zilikuwa zimechipua, kijani, urefu wa kidole. Alinyanyua jiwe lililokuwa juu yake, na kabla hajasoma nilikwisha kujua.

"Nestory Mayala."

Ilikuwa zamu yangu kusimama kimya. Nilijikaza niinuke, lakini Mama aliwahi, akasema kwa sauti kubwa, "Yuko njiani."

Watu walitazama chini. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha mzazi. Nkwabi aliliweka jiwe pembeni polepole, akachukua lililofuata, na lililofuata lilikuwa lako.

"Alexander Mayala."

Mama alikuwa amefungua kinywa kukujibia. Sauti ya mwanamume, kutoka nyuma ya mwamba upande wa ziwani, ikasema, "Nipo."

Shemeji, haikuwa ndoto yangu. Watu zaidi ya arobaini waliisikia. Wengine walipiga makofi na vigelegele, wakidhani umetufanyia mzaha, umefika na basi la usiku na kujificha. Mama Shimba akapaza sauti, "Wewe Alex, toka huko, mbuzi bado ana shingo!" Vijana wawili wa kwaya wakazunguka mwamba mbio wakicheka, ili wakutoe.

Walirudi bila kucheka. Nyuma ya mwamba kulikuwa na mchanga tu, na mchanga ulikuwa hauna alama.

Aliyesema "Nipo" lazima aje apokee jiwe lake. Nkwabi alisimama amelishika. Akasema, "Mwenye jiwe aje achukue." Akasubiri. Akasema tena. Ndege waliokuwa juu ya mwamba wakaruka wote kwa pamoja. Aliposema mara ya tatu ndipo nilipokwenda mimi, nikayachukua yote mawili, moja mkono huu, moja mkono huu. La kwako lilikuwa na joto la jua. La kwake lilinilowesha gauni.

"Soma jingine, Nkwabi," akasema Mama Shimba, "chakula kinapoa." Nampenda kwa neno lile. Lakini chakula hakikuliwa kwa furaha. Nilisikia kina mama wakinong'ona penye masufuria.

"Sauti ni ya marehemu."

"Hapana, ile ni ya mdogo mtu. Basi na yeye ametangulia. Ndiyo maana haandiki."

"Mashimo ya madini ya Tunduru yanafukia watu kila wiki, hamjasikia?"

Mama alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwao, ameshika sahani.

Unajua mwenyewe jinsi sauti zenu zilivyofanana. Hata mimi mlipokuwa mkiniita kutoka uani nilikuwa naitika "Abee" kwanza, ndiyo nitoke nione ni nani. Mama anashikilia kwamba ni Nestory aliyekujibia, kwa sababu ulipokuwa mdogo ukichelewa shule yeye ndiye aliyekuitikia majina. Wengine wanashikilia kwamba ni wewe, na kwamba umekufa.

Usiku ule ule baba mkubwa Ngosha aliwaita wazee wa ukoo. Wamesema haifai nyumba moja kuwa na watu wawili wasiojulikana walipo. Wamekubaliana hivi: masika yakianza na hakuna barua yako, wataweka matanga, wataunganisha misiba miwili, watanyoa nywele na kukulilia pamoja na kaka yako. Vitu vyako vitagawanywa. Mama alisimama akatoka nje kabla hawajamaliza.

Keshokutwa yake aliniamsha alfajiri, akaniambia nichukue jiwe la Nestory, twende. Jiwe lilikuwa limelowa kama kawaida. Tulipanda gari hadi Kigongo, tukaingia kwenye kivuko cha kwenda Busisi. Tulipofika katikati ya maji Mama aliniambia, "Nipe." Alilibusu pale penye rangi. Akaliachia. Lilizama bila kishindo, kama limepokelewa.

Kijana mmoja wa kivuko alimwona, akamkemea kidogo, "Bibi, unatupa nini majini?"

Mama akamjibu kwa upole, "Sijatupa, baba. Mwanangu anashuka hapa."

Yule kijana alivua kofia, shemeji.

Tangu siku ile mlangoni pakavu. Mama analala usingizi wote. Ninasema ukweli, mimi ndiye sasa nisiyelala, kwa sababu ya jambo dogo ambalo sijamwambia mtu ila wewe.

Unakumbuka kikohozi cha Nestory? Miaka kumi na moja ya vumbi la pamba. Hakuwahi kutamka neno bila kusafisha koo kwanza. Hata siku ya ndoa yetu padri alimuuliza kama ananikubali, akakohoa, watu wote wakacheka, ndipo akasema ndiyo. Sauti ya nyuma ya mwamba haikukohoa. Ilitoka safi. Ninajiambia kwamba labda huko aliko vumbi limemtoka kifuani, na ninafurahi kwa ajili yake. Halafu ninajiambia kwamba labda haikuwa yake.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijafagia, natoka naweka mkono juu ya jiwe lako. Hadi leo ni kavu. Juzi lilikuwa la baridi sana, nikaliweka shavuni, nikakaa nalo muda mrefu, nikaona ni hofu yangu tu. Lilikuwa kavu. Hicho ndicho ninachokishika, na ndiyo maana naandika "mpendwa" na kukuuliza kama unakula.

Basi swali langu ni hilo. Ni wewe uliyesema "Nipo"? Kama si wewe, andika useme si wewe. Mstari mmoja unatosha. Usijali kuhusu nauli, wala zawadi, wala kama mashimo hayajakupa kitu. Hatukudai lolote. Sauti zenu zilifanana, lakini mwandiko wako unalala upande wa kushoto na wake ulisimama wima, hata Mama asiyejua kusoma anautofautisha. Nikiwaonyesha wazee karatasi yako, hakuna atakayeshika wembe.

Mama anakusalimu, anasema ule chumvi kidogo. Baba mkubwa Ngosha anakusalimu pia, usimkasirikie, alilia alipokuwa akitoa uamuzi. Nkwabi anakuombea kila Jumapili, na bado anakuweka kwenye maombi ya wasafiri. Mama Shimba anasema shingo ya mbuzi aliila yeye, lakini mwakani atakuwekea. Leokadia ameweka jino lake moja ndani ya bahasha hii, anasema ulitupe juu ya bati la huko.

Mungu akufunike kila unakoinama kuchimba, akutoe juu kila jioni, akurudishe kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye na kukungoja,

Paskazia

Nimefungua tena bahasha niongeze haya. Jioni hii mawingu yamesimama upande wa Ukerewe, meusi, ya kwanza tangu Novemba. Watu wako nje wanashangilia. Andika upesi, Alexander. Mvua ikinyesha mawe yote yatalowa, na mimi sitakuwa na njia ya kujua.