Bega la Mkaguzi wa Jeddah

Mpwa wangu Saumu,

Anayekusalimu ni mjomba wako, aliyekuwa akiilaza Riyadh nzima kwa mikono hii miwili. Sote wazima, goti la mamako limepoa.

Unasema kibali chako cha ukandaji cha Riyadh hakitoshi Jeddah, lazima upimwe upya, nawe unaona umedharauliwa. Hata mimi nilipohamia huko, mkaguzi mzee alikisukuma changu kando. "Halas, basi, hiki kimeishia Riyadh. Nikande bega." Nikishindwa, narudishwa Mombasa. Nikambonyeza kwa nguvu zote.

"Polepole! Mimi si unga wa mkate!"

Nenda ukapimwe, mwanangu. Bega lile lilikuwa geni kwangu, na kibali changu hakikulijua.

Ila usimwambie mamako: baada ya ukelele ule mikono ilinitetemeka hadi yule mzee akainuka, akaikanda yeye kwanza.

Mjomba wako