Mguu wa Mwalimu Jovina

Jumamosi, 1 Juni 2024

Leo steshenari nimechapa uliberali tena. Mitihani ikikaribia, wanafunzi wa hosteli za hapa Mabibo wananiletea huohuo, mwandiko tu tofauti: mtu ni huru mradi asimdhuru mwingine. Wengi wasimwonee mmoja. Serikali isiingie chumbani kwa mtu. Nachapa, naweka namba za kurasa, nasoma bure. Chuo kikuu nimekipitia hivyo — kwa vidole.

Na uani kwetu, kwenye nyumba ya kupanga, umekubali! Tangu Machi hakuna kikao cha kumjadili mpangaji. Zamani Bi Badriya, mke wa mwenye nyumba, akikaa tu barazani na kusafisha koo, tunajua leo kuna mtu anavuliwa nguo. Mara ya mwisho ilikuwa zamu ya Munira muuza chapati: kwa nini kaka yake aliyekuja kumtembelea hafanani naye. Nikasimama, nikasema ya kwenye karatasi. Wakanitazama kama redio isiyoshika. Nikageuza: mgeni si hupiga hodi tatu? Asipojibiwa si hugeuka akaenda zake, bila kuchungulia, bila kununa? Basi na maisha ya mtu yawe hivyo. Mzee Nasser, mwenye nyumba, akasema hilo ni la dini kabisa, anashangaa limetoka kwangu. Likapita.

Nilijiona mtu.

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu Jovina hakutoka kuteka maji asubuhi. Anakaa chumba cha mwisho, peke yake. Mstaafu, mtu wa Bukoba, Kiswahili chake kimenyooka kama mstari wa rula. Ana sukari. Aprili alikanyaga bati, kisigino kikapata kidonda, na kidonda mpaka leo kipo.

Munira kapiga hodi zake, kimya, kageuka. Mie vilevile. Tumestaarabika.

Jioni katoka mwenyewe, anachechemea, kavaa soksi na kandambili. Shikamoo Mwalimu, mguu vipi? Marahaba, mguu upo. Mada imefungwa.

Alhamisi, 6 Juni

Harufu.

Hakuna anayeitaja. Bi Badriya anachoma udi tangu alfajiri, anasema mbu wamezidi. Munira kahamisha jiko la chapati upande wa barabarani, anasema wateja.

Nikamwambia Munira twende kwa Mwalimu tuzungumze naye. Akanijibu huku anasukuma donge: kaka Rogers, maisha yake. Kijana wa chumba cha mbele akadakia, kila mtu ashinde mechi zake.

Nikataka kuwaambia hicho sicho nilichokileta. Uhuru wa mtu sio kwamba usimjali. Lakini sentensi yangu ni ndefu na yao ni fupi. Yao inatembea hadi Manzese na kurudi, yangu bado inavaa viatu.

Jumapili, 9 Juni

Nimempelekea uji. Akanifungulia.

Soksi hakuvaa. Sitaandika nilichokiona.

Nikasema Mwalimu, hospitali. Akanieleza habari za mdogo wake, Clara, naye sukari. Hospitali walianza kukata kidole. Wakaja kwenye kifundo. Wakaja gotini. "Walimchonga kama penseli, Rogers, kila mara wanatafuta ncha." Na akafa. Kazikwa hajakamilika, na ule mguu mpaka leo hawajui ulitupwa wapi. Mwalimu alikuwepo mara zote, ndiye aliyekuwa akimshika mkono.

Kisha akanitazama kama mtahiniwa. Kichwa chake kizima, akasema. Vidonge vya sukari anameza. Kelele hapigi, choo anasafisha zamu yake. "Nani nimemdhuru?"

Nikatafuta. Kweli nilitafuta! Nikawapata wenye pua tu, na pua si hoja.

"Si ulisema mwenyewe pale barazani?"

Nilisema, Mwalimu.

Kanywa nusu ya uji. Nusu kanirudishia, akanishukuru kwa heshima zote.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemleta Hija, nesi wa zahanati ya mtaa wa pili, bila kumuuliza Mwalimu. Huo nao ni udikteta mdogo, najua. Mwalimu hakumfukuza. Kamkaribisha, kidonda kikaoshwa, kikafungwa. Hospitali, hapana.

Hija aliposhika begi lake kuondoka akanivuta pembeni ya karo la kufulia. "Kaka, leo bado ni habari ya mguu. Wiki ikiisha itakuwa habari ya roho."

Nikasema tumbebe tu. Akasema yeye mtu mzima aliyekataa hambebi, kazini wamemfundisha hivyo. Kumbe na yeye kasoma karatasi zilezile.

Jumanne, 11 Juni

Nimempigia Revelian, kaka yake Mwalimu, yuko Bukoba. Kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza sie ni majirani wa namna gani. Nikasema anakataa mwenyewe. "Anakataa kama nani? Jovina si wa peke yake. Jovina ni wetu." Mbebeni, kasema, yeye anatafuta basi.

Falsafa yangu yote, na yeye kaimaliza kwa maneno matatu.

Mchana kaja kijana wa chuo kuchukua kazi yake. Nikamuuliza, mtu akijidhuru mwenyewe, inakuwaje? Akasema swali hilo halikuwa kwenye mtihani, braza.

Jumatano, 12 Juni

Mwalimu kaniita. Kasikia kwamba Revelian kawapigia wengine pia na kwamba wanawake wameanza kunong'ona karoni. Kanipa kufuli na ufunguo.

Nimfungie kwa nje. Akijifungia ndani, kasema, watavunja. Wakiona kufuli watajua katoka, kaenda kliniki, watamwacha. Asubuhi na jioni nimpitishie uji na maji dirishani, upande wa ukuta wa jirani ambako hakuna njia.

Nikasema Mwalimu, hili siliwezi. Akasema ndiyo maana kanichagua mie. Nyumba nzima hii, mwingine yeyote atafungua kwa huruma.

Nimefunga. Kwa jina la uhuru wa mtu, nimemfungia mtu mzima kwa kufuli. Nikaenda steshenari nikachapa barua ya mtu ya kuomba kazi.

Alhamisi, 13 Juni

Bi Badriya kaniuliza Mwalimu yuko wapi. Kaenda kliniki, nimesema. Kafurahi mpaka kanipa tende.

Jioni, dirishani, Mwalimu hakupokea kikombe. Kakaa kitandani, anatetemeka ndani ya kanga mbili. Akaniambia kwa upole, Clara, usiwaruhusu.

Mie ni Rogers, Mwalimu.

Akasema anajua.

Ijumaa, 14 Juni

Kichwa kizima — hapo ndipo hoja yote iliposimama. Je, cha leo ni kizima? Cha Jumatano kilikuwa kizima, na cha Jumatano kiliniagiza. Nimfuate yupi? Tangu asubuhi najiuliza. Karatasi zote nilizochapa zinazungumzia mtu, hakuna iliyosema kama ni yule wa Jumatano au wa leo.

Wanaume walitoka msikitini saa saba na kitu. Munira, akipita kuteka maji, kasikia mtu anaguna nyuma ya kufuli. Sasa wote wapo mlangoni kwa Mwalimu. Bi Badriya kashika shuka la kumbebea. Bajaji iko getini, inanguruma. Mzee Nasser na nyundo.

Lakini hapigi! Kaja kwangu kwanza. Anasema sheria hii uliiweka wewe bwana, na sie tuliiafiki, basi itoe wewe. Tuvunje au tuache? Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kafunga, wala aliyenitazama vibaya. Afadhali wangenitukana.

Munira kaita kwa sauti, Mwalimu, unatusikia? Kisha kutoka ndani, sauti nyembamba:

"Rogers. Waambie."

Basi. Hakuendelea. Wote wakanigeukia, wanangoja niwaambie anachotaka waambiwe, maana mie ndiye namjua.

Nimesema ngoja, huenda ufunguo wa akiba aliniachia, naenda kuutafuta. Nimeingia chumbani kwangu. Ndiyo naandika hivi.

Ufunguo uko mfukoni. Una joto la paja langu.

Munira anauliza kama nimeuona.

Bado, nimesema.