Nyuzi Sitini na Tano

Mkolani, Mwanza
Jumatano, saa sita mchana

Kwako mama yangu mpenzi, Kashindye,

Mwangaluka mayu, na shikamoo nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na yule ndama mwekundu ameanza kula majani. Sisi huku Mkolani hatujambo kwa kiasi chake. Mkweo Revocatus anakusalimu. Mjukuu wako Queen naye anakusalimu na anauliza kama kuku wake bado yupo au mmeshamla. Nimemwambia yupo, kwa hiyo kama mmemla tafadhali mtafute anayefanana naye.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama, simu yako unaiweka sauti ya juu na kuilaza mezani, na Bujora nzima inasikia mambo yangu. Hili si la Bujora nzima. Nimempa Elias wa baba mdogo akuletee mkononi. Vaa miwani usome mwenyewe, na usiishie katikati kwa hasira. Mimi tangu asubuhi naandika mstari, nasimama, nakaa tena. Nimefagia uani mara mbili na hapakuwa na taka. Ni habari ya mkono wangu wa kushoto, na kabla sijamaliza itakuwa habari yako pia.

Nianzie kwenye kahawa. Nilikudokeza kwamba mgahawa mmoja kule ufukweni ulitafuta mtu wa kutengeneza kahawa ya maziwa, ile yenye povu juu. Msimamizi wake ni dada mmoja anaitwa Fadhila, mpole wa sura na mkali wa kazi. Alinipa jagi la chuma, kipekecho cha betri na kipimajoto chenye mshale, akaniambia nikafanye mazoezi nyumbani wiki tatu, kisha nirudi kwa mtihani. Unapasha maziwa taratibu huku ukiyapekecha yapande povu, na mshale ukigusa nyuzi sitini na tano unaepua. Chini ya hapo kahawa inapoa kabla haijafika mezani. Ukipita sabini, maziwa yananuka kuungua na povu linaanguka. Najua hapo umeshaguna, maziwa gani hayo yasiyochemka. Nayachemsha kwanza kama ulivyonifundisha, nayaacha yapoe, ndipo naanza upya.

Kipimajoto kilikuwa cha kujifunzia tu. Fadhila alinieleza kwamba asubuhi wateja wakijaa hakuna mwenye nafasi ya kutazama mshale. Kiganja cha kushoto kinakaa ubavuni mwa jagi, mkono wa kulia unapekecha, na kiganja kikikataa kuendelea kukaa hapo, maziwa yamefika. Mtihani ungekuwa wa kiganja peke yake.

Basi nikaanza. Revocatus ndiye aliyekuwa mnywaji wangu, na unamjua, Mhaya aliyekua akitafuna buni kabla hajaota meno yote. Kikombe cha kwanza alikinywa chote kwa adabu. Cha tano alisema kwao Bukoba kahawa hawaifanyii hivi, na kwamba maziwa yameungua. Nikamwambia kiganja changu kinasema bado. Akanionyesha mshale, uko sabini na nane. Nikasema mshale ni mwongo.

Na kweli niliamini ni mwongo, kwa sababu nilikitumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayotokota kikagoma kwenye tisini na sita, na shuleni tuliimba kwamba maji huchemka kwenye mia. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Fadhila na mdomo uliojaa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema Mwanza tuko juu sana kutoka usawa wa bahari na maji ya huku hayangoji mia, hata kipimajoto chake kinaishia hapo hapo. Akanipa chai, akanirudisha nyumbani. Nilirudi nimenuna, lakini hofu ilikuwa bado haijaja.

Hofu haikuwepo kwa sababu nilikuwa najivuna, mama. Nilimwambia Revocatus nimerithi mikono yako. Wewe huepua sufuria la ugali motoni bila kitambaa, unalibeba hadi mezani na kulitua taratibu kama bakuli la maji, na mashangazi wamelisifu jambo hilo tangu sijazaliwa. Bibi alikuwa akisema ndilo lililomfanya akukubali uolewe na baba, kwamba huyu ni mwanamke wa jikoni kweli. Mimi nilikuwa naungua kama watu wote na nikaona aibu. Kiganja kilipoacha kuungua, nilidhani nimekua.

Jumapili moja asubuhi tulichelewa kanisani, na Revocatus akanipokea jagi ili nivae viatu. Alilishika mara moja tu akaliangusha, maziwa yakaenda sakafuni, naye akawa anapuliza vidole na kunitazama. Nilikuwa nimelikumbatia jagi hilo kwa kiganja muda wote nikiongea naye. Akakigeuza kiganja changu. Kilikuwa chekundu, na hatujafika kwenye mahubiri malengelenge yalishatoka. Sikusikia kitu, mama. Yule mtu aliyezoea kunitania kwa kila jambo hakunitania.

Tuliporudi nilijaza beseni maji ya moto, nikatumbukiza mkono wa kulia nikautoa mbio. Nikatumbukiza wa kushoto. Upande wa kidole kidogo ulikaa humo kana kwamba si wangu. Nilirudia mara nne, tano, mpaka Revocatus akayamwaga maji.

Juu ya kifundo cha mkono huo nina baka jeupe kidogo, la miaka miwili sasa. Nililipaka mafuta, nikalipaka dawa ya mba, nikaanza kuvaa mikono mirefu. Hukuliona. Nililificha hata kwako, na sijui kwa nini, kwa kuwa haliumi.

Nilikaa siku tisa bila kwenda hospitali. Kukaa ndilo neno, lakini sikukaa. Nilikuwa natembea kutoka jikoni hadi getini nikijifinya kidole, nikilala naamka kujifinya. Siku hizo ndizo ulizopiga simu kuuliza Queen anakuja lini kwa likizo, nikasema ana kikohozi. Hakuwa na kikohozi. Nilikuwa nimeanza kuwaza kuhusu mikono yako, na sikutaka mtoto aje. Nisamehe kwa hilo, ingawa ni dogo kuliko linalofuata.

Hospitalini daktari aliniambia nifumbe macho, akawa ananigusa na uzi mgumu wa nailoni, nami niseme wapi. Sehemu nyingine nilitaja upesi. Kisha nikawa nangoja aniguse kidole kidogo, nangoja, nikamuuliza mbona hagusi. Akasema ameshagusa mara sita. Wakachukua vipimo vya ngozi, na majibu yalipotoka akalitaja jina bila kupunguza sauti. Ni ukoma, mama. Nimeliandika, sitaliandika tena.

Usiitupe barua. Mambo si yale ya zamani uliyokuwa ukitusimulia. Dawa ni vidonge, vinatolewa bure, nami nimeshaanza. Daktari anasema ukishaanza dozi hata kwa muda mfupi humwambukizi mtu, na kwamba mkono wangu umewahiwa, huenda fahamu ikarudi, yote au nusu. Revocatus na Queen wamepimwa, hawana kitu, wamepewa dawa ya kinga. Bado tunakula sahani moja. Fadhila nimemweleza ukweli wote. Akasema kwanza kidonda kipone na nibaki na kipimajoto chake. Kama kazi ipo au haipo sijui, na kusema kweli kwa sasa siiwazi.

Hapa nimesimama tena, nimekunywa maji, nimerudi.

Siku ile ya majibu daktari aliniuliza nimekua na nani. Alieleza kwamba ugonjwa huu hauruki tu njiani, mtu anaupata kwa yule aliyeishi naye karibu miaka mingi, na unaweza kulala mwilini muda mrefu kabla ya kujitokeza. Akauliza kama nyumbani kwetu kuna mtu asiyesikia moto, mwenye makovu ya kuungua ambayo hakumbuki ameyapata lini, ambaye kidole chake kidogo kimejikunja. Alikuwa anakutaja wewe, mama, na hajawahi kukuona. Kile kidole tulichodhani kimekunjwa na kukamua ng'ombe. Yale makovu ambayo ukiulizwa unacheka.

Na mimi nikajibu kwamba mama yangu alishafariki.

Sikupanga. Niliona watu wanakuja Bujora na gari, majirani wamesimama, mashangazi wanayarudisha maneno yao yote ya sifa, na wewe umekaa katikati umeficha mikono kwenye khanga. Nilidhani nakulinda. Daktari akasema pole sana, akaandika kwenye faili kwamba mama ni marehemu. Nikasema asante. Nimekuacha humo siku kumi na mbili, napika, nacheka na Queen, nameza vidonge vinavyonisaidia mimi, na kila siku moja ya hizo ugonjwa ulikuwa unaendelea kula vidole vyako. Haja ya kukulinda iliisha siku ya kwanza. Zilizobaki nilikuwa najilinda mwenyewe.

Jana nilirudi. Nilimwambia daktari kwamba nilisema uongo, kwamba ninaye mama. Hakunigombeza. Alichukua rula, akayakata yale maneno ya marehemu, akauliza jina na mahali. Nikamwambia ni Kashindye, yuko Bujora, yu hai, na asubuhi hii amekamua ng'ombe wawili. Akasema kilichokwisha kufa mkononi mwako hakitarudi, lakini kilichobaki kinaokolewa, na macho pia, ukianza sasa. Amesema uje Jumatatu. Hakuna gari litakalokuja na hakuna jirani atakayeambiwa. Jumamosi mchana tutakuja mimi na Revocatus, kama wageni wa kawaida, na Jumapili utarudi nasi huku. Kaka Mashimba nitazungumza naye mwenyewe kuhusu ng'ombe, na kumpeleka kupimwa pia, yeye, mkewe na watoto.

Najua utakasirika. Najua utasema hujawahi kuumwa mikono maisha yako yote. Hilo ndilo lenyewe, mama, hujawahi kuumwa. Kasirika utakavyo, sema kwamba mimi ni mtoto niliyekuzika ukiwa hai, nitapiga magoti nikusikilize. Ila ukimaliza, panda gari tuondoke.

Nisalimie Mashimba na wote wa hapo nyumbani, na wanakwaya wenzako. Revocatus anasema atakubebea miwa. Queen naye anakuja, ameshafunga begi.

Elias nimemwambia asiondoke bila jibu. Nyuma ya ukurasa huu andika jina lako lote, kwa mkono wako, hata kama huna neno lingine la kuniambia. Nataka kuliona.

Ni mimi mwanao,
Kija