Helmeti Yako Niliyoikataa

Njia ya Creggan Na. 9,
Port St Mary,
Kisiwa cha Man.
Jumapili, 14 Julai 2019

Mpendwa kaka Juan,

Nakusalimu wewe, shemeji Kirree na wote hapo Adelaide. Mgongo wako umetulia, au bado unajifanya kijana? Sisi tu wazima. Mke wangu Voirrey anasema nikuambie goti lake limepona, sasa anapanda ngazi za bandarini bila kunitukana. Mvua ilituachia siku nne nzima za mbio za pikipiki, ikarudi jana.

Najua unachosubiri. Mwanao amemaliza wa sita kati ya ishirini na wawili, na hakuanguka. Mpe shemeji habari hiyo kwanza, ndipo uendelee kusoma.

La pili hutalipenda. Ile helmeti yako nyekundu uliyomtumia Finlo ashindanie, niliikataa.

Jumatatu alikuja kwenye meza yangu ya ukaguzi akiwa ameikumbatia kama kikombe cha ushindi.

"Baba mdogo, hii huna haja hata ya kuiangalia. Unaijua kuliko mimi."

Nikaigeuza, nikasoma lebo ya ndani: imetengenezwa 1999. Nikamwambia haipiti.

"Haina hata mkwaruzo!"

"Ina miaka ishirini. Sponji yake imezeeka na gundi imezeeka. Itundike ukutani uitazame kila siku, sina neno."

"Baba alishinda na hii!"

"Kichwa cha baba yako kiko Adelaide. Chako kiko hapa mbele yangu. Haya, anayefuata!"

Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka, wala hakunisemesha siku mbili, na tunakaa nyumba moja! Voirrey ndiye alikuwa akitupitishia chumvi.

Aliyemwokoa ni Orry Teare, yule anayegombania naye nafasi kila mwaka. Vichwa vyao ni saizi moja, na Orry alikuwa na helmeti ya akiba, mpya kabisa, ila binti yake wa miaka sita alikuwa ameipaka rangi ya waridi na kuichora vipepeo. Basi Finlo akapita mbele ya watu kwa maili mia na hamsini kwa saa, na pale kwenye kona ya kanisa wakawa wanampigia kelele, "Bi harusi huyo! Mpisheni bi harusi!" Nadhani hasira ndiyo iliyompa nafasi ya sita.

Ijumaa tulipokuwa tukinywa chai akaniambia, "Umeona? Sikugusa hata ukuta. Ningevaa ya baba tu."

Kaka, miaka ishirini na tano nakagua helmeti na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi. Siku usiyoanguka, hata kofia ya sufu inatosha. Nikamwambia kama anaamini ile helmeti ni nzima, aikate aone mwenyewe. Alisita sana, maana ni yako. Mwishowe akachukua msumeno wangu, akaenda nayo uani. Ilikuwa mali yenu wawili, si yangu, na kwa kumchokoza hadi akaikata nakuomba radhi.

Ilipofunguka, sponji ilikuwa ikimong'onyoka vidoleni kama mkate wa juzi. Hilo nililitarajia. Sikutarajia upande wa kulia. Chini ya kitambaa cha ndani palikuwa na ufa mrefu kama kidole changu, na sponji ya hapo imebonyea. Haukuwa uzee. Lilikuwa pigo.

Unakumbuka mazoezi ya Jumanne, mwaka 2000? Ulianguka, na kwa sheria ukairudisha helmeti kwangu niikague upya. Nilifuta tope, nikakuuliza kama kichwa kiligusa chini. Ukasema, "Bega tu, Illiam. Bandika stika twende tukale." Nikabandika stika ya kwamba imepita. Alhamisi ukashinda.

Finlo akakaa juu ya ndoo na vile vipande viwili mapajani. Akauliza, "Baba alijua?"

Nikamjibu, "Hilo muulize yeye. Langu niulize mimi." Nikamweleza kila kitu: kwamba sikufunua kitambaa, sikupitisha kidole ndani, kwamba mshindi wa Alhamisi ile alikimbia na helmeti iliyokwisha kupasuka, yenye stika ya mdogo wake.

Hakunilaumu. Aliniuliza kidole hupitishwaje. Nikamwonyesha kwenye ile ya vipepeo kabla hajaenda kuirudisha kwa Orry, akaukagua kila upande taratibu, macho kayafumba.

Sikuandikii kukuhukumu. Kazi hii naijua, na naifanya vizuri. Siku ile sikuifanya kwa sababu mwenye helmeti ulikuwa wewe. Jumatatu mwenye helmeti alikuwa Finlo, nami nikaifanya.

Atakupigia simu Jumatano. Swali lake unalijua. Mjibu ukweli wowote ulio nao. Ni mkubwa, atauweza.

Nisalimie shemeji Kirree, nisalimie Aalish na mumewe, na shangazi Joney ukienda kumwona. Voirrey anawakumbatia wote. Mungu awape afya na usingizi mtulivu, na atukutanishe tungali na meno ya kutafunia.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,

Illiam