Injini Ambayo Hukuigusa

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini sikuweza kuanza bila hiyo.

Nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado. Asubuhi nafagia gereji, mchana nampikia Kaka Daudi, ambaye sasa ndiye fundi wa hapa Mikumi. Gari lako jekundu, lile dogo lenye tabo ya kuisukumia injini hewa, lipo palepale chini ya bati.

Nakuandikia kwa sababu nimevunja ahadi yetu.

Unakumbuka siku uliyofungua sirinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kubadilisha gasketi, nami nikakushikia tochi? Nilikuuliza ziko wapi zile pistoni za kuagiza ambazo mji mzima ulisimulia kuwa ndizo siri ya nguvu ya gari lako. Ulicheka. Ukasema pistoni ni zilezile za kiwandani, nozeli za kupulizia mafuta zilezile, hujagusa kitu. "Nikiwaambia ni oili safi na uvumilivu, nani ataniletea gari?" Ukaniomba ibaki kati yetu. Nilikubali. Kunyamaza hakujawahi kunipa shida.

Mwezi uliopita Kaka alimleta fundi kutoka Morogoro, kijana mwenye laptopu. Walitaka kuongeza msukumo wa tabo karibu mara mbili, ili Kaka awe anayapita malori ya miwa ya Kidodi hata kwenye mlima. Kaka alisema injini itahimili, mzee aliijenga upya kwa ndani. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamekaa pale kila mmoja akaongeza lake. Mmoja aliapa kwamba pistoni zako zilichongwa na Mjapani kwa mkono.

Mimi nilikuwa nimeshika fagio. Nilikumbuka ulivyonieleza: chuma cha injini ile kina nguvu ya akiba, ukiongeza msukumo kidogo hakisumbuki. Lakini tabo ikisukuma hewa nyingi na nozeli zikashindwa kuleta mafuta ya kutosha, joto linapanda na pistoni inatoboka. Nikinyamaza, injini inakufa. Nikisema, wewe unaonekana mwongo mbele ya watu wako.

Nikasema, "Kaka, ndani hakuna kitu. Yote ni ya kiwandani."

Walicheka. "Dogo, juzi tu ulikuwa na sketi ya shule," Kaka akasema. Nikanyoosha kidole kwenye nozeli. Fundi wa Morogoro akainama, akapangusa vumbi, akasoma namba ya kiwandani. Akasema ni kweli, na kwa nozeli hizo yeye haongezi chochote.

Kaka alitupa spana chini. "Kwa hiyo mzee alitudanganya miaka yote."

Yule fundi alinigeukia mimi, akauliza ulikuwa ukibadilisha oili baada ya muda gani. Nikamwambia. Akauliza na nini kingine. Nikamweleza zile dakika mbili zako, kwamba ukitoka safari ulikuwa huzimi injini papo hapo, unakaa ndani mpaka tabo ipoe. Aliandika kwenye simu yake.

Kaka hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alirudi na gari lako kutoka Kilosa. Nilikuwa jikoni. Nilisikia limesimama, injini ikaendelea kunguruma, mlango haukufunguliwa. Nilihesabu. Zilizidi dakika mbili.

Sasa watu wanajua. Wengine wanakucheka kidogo. Wengine wameanza kuleta magari kwa ajili ya oili tu. Sijutii, Baba, lakini samahani. Ulikuwa umeniamini.

Nimemwomba Kaka anifundishe kazi, na amekubali bila kuniangalia. Nakuahidi, nikiwepo, hakuna atakayeitesa injini ile kwa ajili ya sifa.

Pumzika. Jumamosi tunakuja Chanzuru kupalilia kaburi lako. Ukisikia gari linanguruma pale barabarani na hakuna anayeshuka, utusubiri kidogo. Tutakuwa tumefika.

Mwanao,
Neema