Baba Mkwe Anasubiri Wapangaji Wamalize Kupika

Mpendwa mshauri, naomba msaada. Nimeolewa, nina watoto wawili, mkubwa Bhoke, tumepanga vyumba viwili hapa mjini, Nyamisangura, mume wangu Nelson ni fundi pikipiki. Baba mkwe, mzee Magige, alifiwa na mkewe zamani, akabaki kijijini Matongo kwenye nyumba yake ya tofali za kuchoma, mpaka yalipoanza maneno kwamba mgodi wa dhahabu unapanua eneo na kila mtu akaanza kutegesha, yaani kujenga vibanda vya haraka shambani ili siku ya tathmini alipwe fidia, na mimi mshauri ndiye niliyemsukuma mume wangu, nikamwambia wenzetu watatajirika sisi tumekaa, na kwa kuwa hatukuwa na hela ya mabati tukaezua ya nyumba ya mzee tukaezekea vibanda, tukamwahidi nyumba ya vigae, naye akakubali kwa sababu ni sisi tuliomwomba. Watathmini walikuja, alama zao zikaishia ng'ambo, hazikufika shamba letu.

Sasa tumemleta mjini, na unajua mila yetu Wakurya, baba haingii nyumba ya mwanaye aliyeoa, mimi na yeye tunaheshimiana kwa mbali, hata shikamoo natoa nikiwa nimeangalia pembeni. Analala jiko la nje la wapangaji. Anakaa kibarazani kwa jirani akisubiri wote wamalize kupika ndipo atandike godoro, na moshi umempa kikohozi. Tulitaka kumpangia chumba cha pembeni, lakini kodi imepanda karibu mara mbili tangu watu wa dhahabu waanze kupanga huku, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, kiwanja ndiyo usiseme. Nelson anasema mila zimepitwa na wakati, mzee alale sebuleni. Alipomwambia hivyo, mzee akamjibu, "Mwambie mama Bhoke nyumba yake ni nzuri. Ila mimi hapa sina mlango." Nilisikia nikiwa ndani, nikalia. Vile vibanda tumeviacha kama vilivyo, maana wanasema watathmini watarudi. Je, nikope kwenye kikoba nilipie kile chumba, au tumlazimishe aingie?

Mama Bhoke, Nyamisangura

Mama Bhoke, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nikakasirika.

Kodi umeielezea kwa kirefu, na kweli inaumiza, wengi wananiandikia hivyo hivyo. Vibanda umevitaja kwa haraka, kama mtu anayefunika sufuria. Mabati ya mzee yapo, hamjayauza. Kinachomlaza jikoni si mwenye nyumba wala mila. Bado mnasubiri fidia, dada yangu, na mnaisubiri kwa mapafu ya mzee.

Usimlazimishe kuingia. Heshima aliyoishi nayo tangu ujana haifunguliwi kwa spana ya Nelson. Chumba cha pembeni nacho usikikopee. Baada ya miezi sita mtakuwa hapo hapo, na deni juu.

Jumamosi hii Nelson afunge karakana, aende Matongo na fundi wa kuezeka, wang'oe mabati yote ya vibanda, wayarudishe kwenye nyumba ya mzee. Matundu ya misumari yazibwe kwa lami. Kuta zikiwa zimelegea kwa mvua, wakarabati chumba kimoja kwanza. Ukikopa, kopa ya mbao na misumari. Kabla ya hapo mpelekeni mzee hospitali, kikohozi cha moshi si cha kuchezea, halafu ndugu wa ukoo kule kijijini wamhifadhi mpaka paa likamilike.

Na kuna jambo hutalipenda. Kwa kuwa huwezi kukaa naye uso kwa uso, Nelson amfikishie maneno yako, aseme wazi ni yako: kwamba wewe ndiye uliyetaka nyumba iezuliwe, na unajuta. Usijifiche nyuma ya adabu.

Watathmini wakirudi wakute vibanda havina paa, basi. Humo hakuna anayelala.