Sauti ya Baba Kwenye Diski Mbili

Ijumaa, 5 Septemba
Nimenakili tena sauti za marehemu Baba, kama kila Ijumaa. Diski ya kubebeka imeondoka Jinja na basi la mchana, kwa mdogo wangu Hamza, Malukhu, Mbale. Mama kaomba sauti ile ya mwisho. Hajaisikia tangu mwaka jana. Kasema, "Baba yenu anakatika." Nimemwambia ni spika.

Jumamosi, 6 Septemba
Si spika. Dakika ya kumi na mbili Baba anamtaja Mama kwa jina, kisha mkwaruzo, kisha hakuna kitu kwa dakika nzima. Naogopa. Kompyuta haikulalamika hata siku moja.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimesoma kutwa. Hii ext4, mfumo wa faili wa kompyuta yangu, inatunza faili tu, haijui kama kilichomo kimeoza. Mifumo mingine, Btrfs na ZFS, huwekea kila kipande alama ya ukaguzi. Kikiharibika, huchukua kizima kutoka diski ya pili. Btrfs imo tayari ndani ya Linux inayoendesha kompyuta. ZFS inaongezwa kando. Nimechagua ZFS, moyo umeiamini zaidi. Hapa mtaani kwetu Mpumudde umeme umekatika mara tatu nikisoma.

Jumanne, 9 Septemba
Diski mbili mpya, ZFS, kila kitu kimehamia. Ukaguzi: makosa sifuri. Nikafungua sauti. Mkwaruzo uleule.
Mjinga mimi. Inalinda nilichoipa, na nilichoipa kilishaoza. Sasa uozo una walinzi wawili.

Jumatano, 10 Septemba
Tumaini lote lilikuwa Mbale, kwenye nakala za zamani za Hamza. Nimempigia Hamza.
"Dada, ya zamani mi nafuta kwanza, halafu naweka mpya. Ikae safi."
Mimi ndiye niliyemfundisha. Na simu aliyorekodia Baba tuliitoa sadaka pamoja na kanzu zake. Niliifuta kwa mkono wangu.

Ijumaa, 12 Septemba
Sikutuma diski. Mama kaomba sauti. Ilipokatika, akaendelea mwenyewe, macho kafumba: Baba anamshukuru kwa subira yake. Kisha sauti ya Baba ikarudi. Nimelia jikoni.

Jumapili, 14 Septemba
Ukaguzi wa asubuhi: makosa sifuri.
Mama kaomba tena. Pale pale akaendelea. Leo Baba hakumshukuru. Leo kamwomba msamaha.
Sijui lipi ndilo alilosema Baba. Nimeinakili kila Ijumaa. Sikuwahi kuisikiliza hadi mwisho.